Mwezi wa 17 toka nikatwe tumbo, mkono wangu bado unapika wali wa watu nane

Juzi Jumapili nimepika wali wa kilo moja na robo. Nyumbani tupo wanne, mimi, mume wangu na watoto wawili, mkubwa ana miaka 11 mdogo 8, na kwenye hao wanne mi mwenyewe nihesabu kama robo mtu maana wali nakula vijiko vitano, nikijisahau saba. Sasa kilo na robo ya nini? Sijui. Mkono ulichota wenyewe kwenye ndoo ya mchele kama ulivyozoea miaka yote, kikombe, kikombe, kikombe, nakuja kushtuka sufuria haifuniki. Nikajaza hotpoti nikampelekea babu mlinzi wa geti la mtaa wetu, kama Jumapili iliyopita na ile ya kabla yake.

Watu wakijua umefanya operesheni ya kupunguza mwili wana maswali yao matatu, iliuma? bei gani? zimetoka kilo ngapi? Hakuna anayeuliza habari za ndoo ya mchele. Na mi naona shughuli yote iko huko, kwenye vipimo. Tumbo lilipunguzwa nikiwa nimelala zangu usingizi wa dawa, nimeamka kazi imeisha, lakini mkono wa kupakua, macho, kabati la nguo, mama yangu, konda wa daladala, wote hao hawakuwemo chumba cha upasuaji siku ile, kila mmoja anaendelea na kipimo chake cha zamani.

Maelezo kidogo ili twende sawa. Nilifanyiwa Novemba 2023 hapa hapa Dar, nikiwa na kilo 128 na urefu wangu sentimita 162 tu, kwaiyo ile BMI yao, kipimo cha uzito kulinganisha na urefu, ilikuwa inagonga karibu 49, na wao ukishafika 40 wanaanza kukuongelesha mambo ya operesheni, hata 35 pia kama una magonjwa juu yake. Presha nilikuwa nayo toka ujauzito wa mwisho, magoti yanalia nikipanda ngazi, usiku nakoroma mpaka pumzi inakata mume wangu ananitikisa akidhani naondoka. Diet nimefanya zote unazozijua na nyingine hujawahi kuzisikia.

Nilichofanyiwa kinaitwa slivu. Mtaani wanasema "yule kakata utumbo", jamani utumbo wangu upo wote haujaguswa hata sentimita. Kilichokatwa ni mfuko wa chakula, pale chakula kinaposhukia kikitoka kooni, wanatoa robo tatu yake mpaka asilimia 80, kinabaki kitu chembamba umbo la ndizi, na wanapitia kwenye vitundu vidogo vidogo, mimi vitano, hawakupasui kama mbuzi. Ile ambayo utumbo unahusika ni baipasi, wanatengeneza kijifuko kidogo sana juu halafu wanaunganisha utumbo chakula kiruke sehemu ya njia. Na kuna puto, lile la hospitali ya Mloganzila ambalo wengi mmelisikia, lile halina kisu kabisa, linashushwa kwa mdomo likiwa limesinyaa, linajazwa ndani kwa ndani, baada ya miezi kadhaa linatolewa. Shoga yangu mmoja aliweka puto basi kila tukikaa na watu anaanza "sisi tuliofanya operesheni", namwangalia tu.

Sasa ile sehemu wanayoitoa ndo inayotengeneza homoni nyingi ya njaa, inaitwa ghrelini, kwaiyo miezi ya mwanzo njaa inakata kabisa, unaangalia saa ndo unajua ni muda wa kula. Mimi! Mimi niliyekuwa naweza kukwambia mama ntilie gani kapika nini leo kwa harufu tu, nikawa nasahau kula mpaka saa tisa mchana.

Kilichonitoa machozi wiki zile ni maji. Mwezi wa 12 Dar unalijua joto lake. Zamani nikishuka mwendokasi nanunua maji ya baridi nusu lita nayashusha yote kabla sijafika kwenye bajaji, ilikuwa ndo raha yangu ya siku. Baada ya slivu ni funda moja, unasubiri, funda lingine. Siku ya tisa nikajisahau nikagida kama zamani, yani kifua kilibana kama kuna mtu kanipiga ngumi akiwa ndani, nikakaa chini pale pale jikoni nimeshika sinki. Na kwa siku wanataka lita moja na nusu angalau, sasa igawe kwa mafunda uone, hiyo ni ajira. Kazini walidhani chupa yangu ni fasheni, bosi akanunua inayofanana.

Wiki mbili za maji maji tu, supu ya kuku wa kienyeji iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi. Zikafuata wiki za vilivyosagwa na hapo ndo nikawapenda Wachaga, maana mtori ni kama uliundwa kwa ajili yetu. Mi mtu wa Tanga, mtori nilikuwa nauona chakula cha mzazi tu, mke wa kaka alinipikia akausaga kwenye blenda na nyama yake mpaka ukawa kama losheni, nikala vijiko vinne vya chai kwa dakika 25 nikashiba mpaka nikasinzia. Kijiko cha chai mpaka leo nalia nacho, cha mezani kinanidanganya.

Halafu kuna hii sheria ya kutokunywa wakati wa kula. Ukila husukumii na maji, unasubiri nusu saa baada ya kula ndo unywe. Ukiisoma kwenye karatasi ya mtaalamu wa lishe unaona kitu kidogo. Sasa njoo kwenye chai ya asubuhi. Sisi chai ni chai NA kitu, chai na chapati, chai na maandazi, chai na mhogo wa kuchemsha, unachovya, unakunywa, unamega. Ukimtenganisha chai na mwenzake umevunja ndoa ya watu. Supu na chapati hivyo hivyo. Nilijaribu kula yai kwanza, nikasubiri nusu saa, ndo nikanywa chai peke yake nimesimama dirishani kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Na chai yenyewe kumbe inabishana na vidonge vya madini chuma, inazuia visiingie vizuri mwilini, na madini chuma nayo hayataki kukutana na kalsiamu, uviachanishe masaa mawili. Kwaiyo mi siku yangu imekaa kama ratiba ya mabasi ya stendi ya Magufuli, saa kumi na mbili na nusu chuma na kipande cha chungwa, saa mbili yai, chai saa tatu kasoro, kalsiamu mchana, multivitamini jioni, B12 nachomwa sindano. Na hivi vidonge ni vya maisha, hapa naomba nieleweke, anayekwambia unakunywa mwaka mmoja unaacha anakudanganya.

Protini nayo. Wanataka gramu 60 kwa siku kwenda juu. Yai moja lina kama gramu 6. Piga hesabu ya mayai, halafu kumbuka tumbo lenyewe limebaki la kuku. Ndo maana sahani yangu inaanza na samaki au maharage au mtindi, ugali unakuja mwisho ukikuta nafasi, mara nyingi haikuti.

Kukwama. Hili hakuna aliyenielezea vizuri. Mwezi wa tatu nikajiona mzima, mchana ofisini wenzangu wameagiza ugali na nyama choma, nikasema na mimi nionje. Nikamega tonge la kawaida. Yaani KAWAIDA, lile lile la miaka yote, mkono si unajua kazi yake, nikaweka na nyama nikatafuna kama mara sita huku nacheka na watu. Tonge likafika katikati ya kifua likagoma. Haliendi chini halirudi juu. Mdomo ukaanza kujaa mate mazito ya povu, machozi, pua, nikanyanyuka nikasema naenda kupokea simu, sina hata simu mkononi. Nilikaa chooni dakika 40 natema mate. Likarudi lenyewe, tonge zima, na nikalitambua! Toka siku hiyo tonge langu ni la ukubwa wa punje ya karanga, natafuna mpaka nasahau nilikuwa natafuna nini.

Mama ntilie wetu pale ofisini aliniwekea kinyongo. Nikamwambia mama nipunguzie wali, vijiko vitatu tu na kipande cha samaki. Akaniambia bei ni ile ile. Sawa, nalipa ile ile. Akasema chakula changu kina nini siku hizi? Nikamwambia mama chakula kitamu, tatizo mimi. Hakuamini. Wiki nzima akawa ananipakulia kidogo na kwenye sahani nyingine pembeni anaongeza "cha kuonja", mchicha, mchuzi, ndizi, ili nikubali kwamba kapika vizuri. Sikuwa na moyo wa kumkatalia nikawa nafungasha. Hiyo ndo ilikuwa chakula cha kwanza cha babu mlinzi.

Sasa nikuambie uongo niliousema. Operesheni walijua wawili tu, mume wangu na dada yangu, na mke wa kaka kwa sababu ya mtori. Wengine wote niliwaambia nina vidonda vya tumbo. Niliona ni uongo mzuri, kwanza una tumbo ndani yake, pili kila Mtanzania ana ndugu mwenye vidonda vya tumbo. Kumbe ndo kosa. Ukisema una vidonda vya tumbo nchi hii umejifungulia kliniki nyumbani. Jirani kaleta juisi ya kabichi. Wifi kaleta unga wa ndizi mbichi. Dereva wa boda, wa boda!, kanisimamisha kaniambia mbegu za mlonge. Asali nimeletewa chupa nne, na mi kitu kitamu kama asali kikiingia haraka moyo unaenda mbio, jasho, naona giza, natakiwa nilale. Ile wanaita dampingi, kwa watu wa baipasi ndo sana lakini na sisi wengine inatupata. Kwaiyo kila aliyekuja kunitibu nilikuwa namshukuru halafu natafuta pa kuficha dawa yake.

Na kilo zinadondoka. Miezi mitatu zimetoka 23. Mwezi wa nne nywele zikaanza kutoka kwa mafungu, nikichana kitana kinajaa. Daktari alishaniambia, mwili ukishtuka hivyo nywele zinaingia likizo halafu zinarudi, na kweli kufika mwezi wa tisa zilikuwa zinaota za mbele kama za mtoto mchanga. Lakini mtaani hawakusoma hiyo karatasi. Mtu alikuwa bonge, kaanza kupukutika, nywele zinatoka, kila akila anakimbilia chooni, na vidonge ana boksi zima kwenye mkoba. Kwa mtu wa umri wangu aliyekulia miaka ya tisini, akijumlisha hayo jibu analo. Hawakunisema mbele yangu, walianza tu kuniongelesha kwa upole. Wewe hujawahi kuongeleshwa kwa upole na jirani ambaye miaka sita mmegombana kuhusu maji machafu, inatisha. Mmoja akanishika mkono sokoni akaniambia "mdogo wangu, siku hizi watu wanaishi nayo mpaka wanazeeka". Sikujua nicheke au nilie. Nikasema asante dada.

Wengine wakaona mume wangu ndo tatizo. Kwetu mke akinenepa mume anasifiwa, anamtunza, akikonda mume anaitwa kikao. Mama mkwe alimpigia simu akamuuliza kama ana mwanamke nje. Maskini baba wa watu, yeye ndo alikuwa anaamka usiku kunikumbusha funda la maji.

Kitu kilichonishangaza ni sinia. Niliogopa harusi kuliko kitu chochote. Sendoff za ukumbini Dar ni shida kweli, unasimama foleni ya chakula na sahani mkononi, kila mtu nyuma yako anaona umechukua nini, ukikaa mezani sahani yako imebaki imejaa na MC anapita. Lakini mwezi wa saba nilienda Tanga kwenye ndoa ya binti wa shangazi, tukakaa chini watu sita kwenye sinia moja la biriani. Wee! Kwenye sinia hakuna anayejua nani kala matonge mangapi. Mkono unaenda, unarudi, unapiga stori, unamsogezea mwenzako mnofu, "kula wewe mbona huli", sinia likiisha limeisha na wewe umo. Nilikula kama matonge saba ya karanga zangu na hakuna aliyesema neno, na bibi mmoja akanisifu nina adabu ya kula. Nilikuwa nimekaa na watu bila kuhesabiwa kwa mara ya kwanza toka Novemba. Kilichoniuma siku hiyo ni matako tu, maana mfupa umekuwa karibu na mkeka mno. Hili nalo halisemwi, ukipungua unakosa mto wako. Misibani sa hivi naenda na kanga mbili, moja ya kujifunga moja ya kukalia.

Na baridi. Mimi niliyekuwa nalala na feni mbili naelekezewa usoni, mwezi wa saba natembea na sweta Dar es Salaam. Ofisini nimegombana na watu wa AC.

Nguo nilienda kwa fundi, akabana, mwezi ukapita nikarudi akabana tena, mara ya tatu akaniambia dada hapa hamna nguo tena tumebaki na mshono. Nikahamia madera na mitumba ya Karume, nanunua kwa bei ya kutupa maana mwezi ujao inanivuka. Shida ni kwamba mpaka leo nikifika kwenye meza ya mitumba mkono unaenda kwenye XXXL wenyewe. Muuzaji ananiambia "dada hiyo si yako" nakasirika kwanza, nadhani ananitukana kama zamani, ndo nakuja kuelewa. Mlangoni napita ubavu. Viti vya plastiki bado nasukuma kwa mkono kwanza kuona kama kitahimili, na hili nimeshalifanya mbele ya mkurugenzi.

Daladala ndo nina neno nalo. Nilipokuwa na 128 konda alikuwa ananiambia mbele za watu "mama bonge hiyo ni siti mbili ulipe mbili", au gari inanipita kituoni na nafasi zipo. Sa hivi konda yule yule, namjua kwa sura, ananiita "mrembo", ananishikia mkoba, kwenye siti ya watatu tunakaa wanne na mimi ndo nasogezwa wa nne kwa sababu ninaenea. Wanaume ofisini ambao miaka mitano walikuwa hawajui jina langu wananifungulia mlango. Watu wanadhani nafurahi. Nafurahi nini, mi ni yule yule, hata kazi naifanya vile vile, kwaiyo kumbe salamu mlikuwa nazo siku zote mkazibana? Hili bado sijalisamehe na sina haraka.

Mwilini mengine ni hivi, kwa kifupi. Presha ilishuka, daktari alinipunguzia dawa nusu, mwezi wa sita akaniachisha, yeye ndo aliniachisha, usije ukajiachisha mwenyewe. Kukoroma kumeisha. Ngozi imelegea, mikono ikipunga inaendelea kupunga baada ya mimi kuacha, tumbo linakunjika kama kitenge kilichowekwa vibaya, mume anasema haoni tatizo na mi namwambia zima taa. Kiungulia kimekuja ambacho sikuwa nacho, slivu ina hiyo, sili usiku wa manane na nalala na mito miwili. Dawa za maumivu kama diklofenaki nimekatazwa, kichwa kikiuma ni panadol. Na wifi anayeuliza mtoto wa tatu lini, wifi, walisema tusubiri mwaka mpaka mwaka na nusu, ukipungua ni rahisi sana kushika mimba na mwili bado haujatulia, kwaiyo nachoma sindano, umepata jibu lako.

Ramadhani ya 2024 sikufunga. Ilikuwa mwezi wa nne toka operesheni, daktari akakataa kabisa, na sababu ni ile ile ya maji, mtu anayekunywa kwa mafunda hawezi kufidia kutwa nzima kwa kugida usiku, figo zinakauka. Mgonjwa ana ruhusa yake, najua, lakini kukaa nyumbani mchana unakunywa maji kwa kujificha watoto wako wanaofunga ni kitu kingine. Hii ya 2025 nikaenda kupima, damu nzuri, figo nzuri, akasema jaribu na ukiona kizunguzungu fungua. Nikafunga. Futari nilikuwa naanza na tende moja, nusu, kwa kweli nusu, na mafunda, naenda kuswali, narudi, nusu saa, uji wa pilipili manga kikombe cha kahawa, nusu saa, samaki. Chupa naenda nayo tarawehe. Mpaka naamka daku nimefika lita moja na robo hivi, siku nyingine lita na nusu. Zilinishinda siku nne nikafungua. Deni la mwaka jana nalipa kidogo kidogo.

Kumi la mwisho nilienda kwa mama Tanga na huko ndo uongo ukafika mwisho. Mama yangu alipanga futari ya kunikaribisha, magimbi ya nazi, mihogo, tambi, kalimati, bokoboko, mkate wa kumimina, mama wa watu amesimama jikoni toka saa nane na funga yake. Nikala vijiko vitano. Akaniangalia. Akasema, mwanangu mimi ndo niliyekuzaa, niambie kama unakufa. Nikamwambia yote. Alikaa kimya muda, vidole vinazungusha tasbihi. Nilijiandaa kwa kilio au kwa matusi kwamba nilimficha mwaka na nusu. Akauliza, na hicho kipande walichokata kiko wapi?

Nikamwambia mama kilipelekwa maabara kupimwa, wanafanya hivyo, halafu baada ya hapo sijui.

Hakikuzikwa?

Jamani. Toka nianze kuwaza hii operesheni nimesoma kila kitu, nimeuliza kuhusu damu kuganda, mawe kwenye nyongo, nywele, hilo halijawahi kunipita kichwani. Mama akasema sehemu ya mwili wa mtu haitupwi kama firigisi. Kuhusu uongo hakusema lolote, kuhusu kukonda hakusema lolote, usiku mzima yeye ni lile tumbo liko wapi. Asubuhi akaenda kwa ustadhi, sijui walichoongea, alirudi ametulia. Siku ya Idi alinipakulia pilau kama kawaida yake, mlima, akaniwekea mbele, akachukua kijiko akakaa pembeni yangu akaanza kuula ule mlima yeye mwenyewe upande wa pili, taratibu, mpaka watu wakadhani tunakula wote.

Sa hivi nipo 84. Nipo hapo toka Desemba, mzani umegoma. Na nisiwadanganye, najua kwa nini. Njaa ya tumbo ilirudi kidogo kama mwezi wa kumi, hiyo naiweza. Ile ya kichwani haikuwahi kuondoka. Saa nne usiku watoto wamelala, nyumba kimya, mkono unaenda kwenye kabati. Na slivu haizuii kinachoteleza, aisikrimu inapita, juisi ya embe inapita, kashata ukiimung'unya inapita yote, tumbo dogo halijui. Tonge la ugali linakwama ila soda iliyotolewa gesi inashuka kama imealikwa. Daktari alinionyesha tu kwa kalamu kwenye daftari langu la chakula, hakugomba. Nimeacha kununua kashata. Nikipita Ferry nashuka upande wa pili wa barabara.

Mkono wa mchele ndo umenishinda. Nimejaribu kununua kikombe kidogo cha kupimia, mkono unachota mara nyingi zaidi. Jana jioni natoka kazini nimemkuta babu mlinzi amekaa kwenye kiti chake, nikamwamkia shikamoo babu, marahaba mwanangu, akasimama kunifungulia geti, akasimama kwa awamu mbili, mkono mmoja kwenye goti. Kifungo cha katikati cha sare kimeachia kabisa kabaki na pini. Akanishukuru kwa wali wa Jumapili, akasema mwanangu Mungu akuzidishie, ila bibi yako huko nyumbani ananilalamikia, anasema siku hizi nakoroma hapati usingizi.

Jumapili hii mchele anachota mume wangu.